UZI: Neno "OK" limetoka wapi? Si vitani, si Ugiriki, ni utani wa gazeti la Boston

Mzee wa Kamusi

Wakuu, salaam.

Ile picha ya "Zero Killed" imerudi tena mitandaoni. Kwa ambao haijawafikia, inadai kwamba OK ilizaliwa vitani: eti kikosi kikirejea kizima, wanaandika ubaoni sifuri na K, maana yake leo hakuna aliyeuawa. Inasisimua, na ni uongo mtupu. Badala ya kubishana na kila anayeisambaza, nimeona nishushe uzi, tulimalize hapahapa.

Kinachonikera ni kwamba OK wala si neno la mafumbo. Maneno mengi ya Kiingereza ukiyafuatilia nyuma unafika karne ambazo maandishi ni haba, unabaki kukisia. Hili lina tarehe. Jumamosi, 23 Machi 1839, gazeti la Boston Morning Post, ukurasa wa pili.

Mhariri wake, Charles Gordon Greene, alikuwa akitaniana na gazeti la mji wa Providence kuhusu safari ya kikundi cha wacheshi wa Boston kilichojiita Anti-Bell-Ringing Society, yaani chama cha kupinga upigaji kengele. Katikati ya sentensi ndefu ya masihara akaandika "o.k.", akapiga kistari, akafuatisha "all correct": yote sahihi. Hakuna chapa ya mapema zaidi ya hiyo iliyopatikana ikasimama.

Sasa oneni utani ulipo. "All" inaanza na A. "Correct" inaanza na C. Kifupi halali kingekuwa A.C. Lakini Greene anajifanya mtu asiyejua kuandika, anayeweka herufi kama sikio linavyomwambia: "oll korrect". Anatangaza kwamba yote ni sahihi, na kifupi chenyewe hakina hata herufi moja sahihi. Hapo ndipo msomaji wa 1839 alipovunjika mbavu.

Naendelea baadaye kidogo. Maswali ruksa.

Tumbiri wa Juu

Nimekaa mkao wa kula. Ila mkuu, gazeti moja, siku moja, herufi mbili, ndiyo ushahidi? Labda mpiga chapa aliteleza tu.

Mzee wa Kamusi

Ingekuwa ni hiyo peke yake ningekuelewa. Lakini OK haikuja peke yake, ilikuja na ukoo mzima.

Tangu kiangazi cha 1838 wahariri wa Boston walikuwa wameingiwa na wazimu wa vifupisho. Ulikuwa mtindo wa mjini. Waliandika "N.G." kwa "no go", jambo lisilowezekana. "S.P." ilikuwa "small potatoes", kitu kisicho na uzito. "R.T.B.S." ilikuwa "remains to be seen", tusubiri tuone. Mtu aliyewakimbia wanaomdai alipewa "G.T.", yaani "gone to Texas", kakimbilia Texas. Na kweli ilikuwa pa kukimbilia: wakati huo Texas ilikuwa jamhuri inayojitegemea, haijawa jimbo la Marekani.

Kisha wakazidisha, wakaanza kufupisha maneno yaliyoandikwa vibaya kwa makusudi. "Know go" badala ya "no go", ikawa "K.G." "Know yuse" badala ya "no use", ikawa "K.Y." Na "all right" wakaiandika "oll wright", ikafupishwa "O.W." Iweke hiyo O.W. karibu na O.K. Ni mapacha: O ileile ya "oll", mzaha uleule. Mpiga chapa hawezi kuteleza kwa mpangilio namna hiyo.

binti_sayari

Kumbe LOL na BRB hazikuanza na simu zetu 😂 Na wazee wa 1838 nao bila shaka walilalamika kwamba vijana wanaharibu lugha.

Mwalimu wa Zamu

Naomba niongeze jambo kabla mtoa mada hajaendelea. Kwa kawaida, ukisikia kwamba neno la zamani la Kiingereza ni kifupisho, weka shaka kwanza. Watu husema "posh" ni "port out, starboard home", eti kwa sababu ya vyumba vya kifahari vya meli za India. Husema "tip" ni "to insure promptness". Zote mbili zimetungwa baadaye kulieleza neno lililokuwepo tayari. Kuunda maneno kwa herufi za mwanzo kulishika kasi karne ya 20. Kwa hiyo OK ni kioja: ni neno la karne ya 19 ambalo kweli lilitokana na herufi za mwanzo.

Mzee wa Kamusi

Mwalimu umenisaidia sana. Ndiyo maana watu makini walikuwa wanalikwepa jibu hili. Lilifanana mno na porojo.

Sehemu ya pili. K.G. imekufa. O.W. imekufa. Kwa nini OK haikufa?

Siasa. Mwaka 1840 Marekani ilikuwa na uchaguzi. Rais aliyekuwa madarakani, Martin Van Buren, wa nane, alikuwa anataka muhula wa pili. Alizaliwa Kinderhook, katika jimbo la New York, na wafuasi wake jijini New York wakaunda klabu wakaiita O.K., kwa maana ya Old Kinderhook. Waliupata mzaha wa Boston ukiwa bado wa moto, wakaufanya kauli ya kampeni: mzee wa Kinderhook ni O.K. Herufi zilezile, maana mbili, na zote zinamsifu mgombea. Ukiwa mpiga kampeni unataka nini tena?

Wapinzani wao, chama cha Whig, hawakulala. Uchumi ulikuwa umeporomoka tangu 1837 na Van Buren ndiye aliyebebeshwa lawama. Wakazigeuza herufi: "Out of Kash, Out of Kredit, Out of Klothes". Hana pesa, hakopesheki, hana hata nguo. Angalieni hiyo K kwenye "kash" na "klothes", ni utani uleule wa kukosea herufi kwa makusudi. Van Buren akashindwa, William Henry Harrison akaingia, naye akafariki mwezi mmoja tu baada ya kuapishwa 1841. Lakini kwa miezi yote ya kampeni, kila upande ulikuwa unaitangaza OK bure.

Uchaguzi huohuo ndio uliozaa uongo wa kwanza kuhusu asili ya neno. Mwaka 1840 gazeti moja la New York lilidai kwamba rais wa kabla yake, Andrew Jackson, ndiye mwanzilishi: eti hakujua kuandika vizuri, akawa anatia saini nyaraka kwa "O.K." akidhani ndivyo "all correct" inavyoandikwa. Lengo lilikuwa kumdhalilisha Jackson na rafiki yake Van Buren kwa mpigo. Watu wakacheka, wakasahau kwamba ni kejeli, wakaanza kuisimulia kama historia.

Tumbiri wa Juu

Mimi hiyo ya Jackson nimewahi kuisoma, tena walisema kuna kumbukumbu ya mahakama.

Mzee wa Kamusi

Ipo, na ndiyo mfano mzuri wa jinsi watu wanavyoona wanachotaka kuona. Ni kumbukumbu ya Tennessee ya 1790, Jackson akiwa mwanasheria. Watu waliisoma "O.K." Walipokuja wenye jicho la kusoma miandiko ya kale wakaona ni "O.R.", kifupi cha makarani cha "order recorded", amri imesajiliwa. R ya mkono wa karani ikiwa na mkia mrefu, hugeuka K kirahisi.

Nyingine ni shajara ya msafiri, William Richardson, ya 1815. Kuna mahali panasomeka kama "ok" katikati ya habari za safari. Lakini ukurasa ule una mikato na marekebisho, na sentensi haihitaji neno "sawa" pale. Inaelekea mtu alianza kuandika neno jingine akaliacha njiani.

Kipanga Mweusi

Mtoa mada nakusoma kwa makini, ila naona umeruka hoja moja kwa makusudi. Afrika Magharibi. Kiwolofu kina "waw", ndiyo, na "kay" ya kutia mkazo. "Waw kay": ndiyo hasa. Mtaalamu wa lugha David Dalby aliitetea hoja hii tangu mwishoni mwa miaka ya 1960. Watu waliopelekwa utumwani Marekani walikuwa na lugha zao vinywani. Kwa nini neno lenye sauti hiyohiyo na maana hiyohiyo litoke kwa mhariri wa Boston na si kwao?

Mzee wa Kamusi

Kipanga, sijairuka, nilikuwa naiwekea nafasi yake kwa sababu ni nadharia ya heshima. Haiko kapu moja na "Zero Killed".

Kwamba lugha za Afrika ziliingia Kiingereza cha Marekani halina ubishi. "Okra" inatokana na Kiigbo. "Goober", jina la karanga, linatoka kwenye jamii ya Kikongo na Kimbundu, ambako karanga ni "nguba". Wabantu wenzangu hapo mmesikia wenyewe. "Gumbo" nayo vivyo hivyo. Lakini maneno haya yalionekana mikononi mwa watu waliotumia vitu hivyo, mahali walipoishi, na njia yake inafuatika.

OK ilipotokea 1839 ilitokea kaskazini, gazetini, ina nukta baada ya kila herufi, na tafsiri ya mwandishi mwenyewe iko pembeni yake. Miaka iliyofuata watu wanaichezea kama herufi: Old Kinderhook, Out of Kash. Hakuna aliyeichukulia kama neno la kutamkwa lililookotwa mahali. Sauti kufanana peke yake haitoshi. Wagiriki nao wana "ola kala", yote mazuri, na wanaapa ni yao. Waskoti wana "och aye". Wafini wana "oikea". Wajerumani wana hadithi ya "ohne Korrektur", bila masahihisho. Dunia ina maelfu ya lugha na neno hili lina silabi mbili. Utalipata pacha wake kila kona.

Kipanga Mweusi

Hapo kwenye Wagiriki nakubali. Lakini unapima kila kitu kwa gazeti. Magazeti yalikuwa ya nani? Katika majimbo mengi ya kusini ilikuwa marufuku kwa sheria kumfundisha mtumwa kusoma. Unamdai maandishi mtu aliyekatazwa kuandika. Halafu asipokuwa nayo unasema hoja yake imeanguka.

Mzee wa Kamusi

Hoja nzito, na sitaizunguka. Ukimya wa karatasi si ushahidi kwamba "waw kay" haikusemwa mashambani. Inawezekana kabisa ilisemwa, na inawezekana ilimrahisishia msikilizaji kuipokea OK ilipofika. Ninachokataa ni kuiweka kama chanzo, kwa sababu ukoo wa Boston unaielezea OK yote, pamoja na nukta zake na pacha wake O.W., bila kuhitaji msaada wa nje. Ukisema ilitoka Kiwolofu, itabidi unieleze O.W. ilitoka wapi.

Kipanga Mweusi

O.W. waliitunga kwa kuiga. Lakini sawa, tusonge. Sijashawishika kote.

binti_sayari

Na ile ya Wahindi Wekundu? Nilifundishwa hivyo.

Mzee wa Kamusi

Wachokto, wenyeji wa kusini mwa Marekani. Wana neno linaloandikwa "okeh", lenye maana ya "ndivyo ilivyo". Rais Woodrow Wilson aliiamini nadharia hiyo kiasi kwamba alipoidhinisha karatasi aliandika "okeh" badala ya OK. Rais wa nchi, na zaidi ya hapo profesa! Kwa kuwa aliamini yeye, ikaingia kwenye vitabu vya rejea na ikakaa humo muda mrefu. Kampuni ya santuri ya Okeh ya 1918 nayo ina tahajia hiyo, ingawa pale mwenye kampuni alikuwa anacheza na herufi za jina lake: Otto K. E. Heinemann.

Aliyeusafisha uwanja ni Allen Walker Read, profesa wa Chuo Kikuu cha Columbia. Mwaka 1941 alichapisha ushahidi wa klabu ya Old Kinderhook. Wengine wangeishia hapo na kupokea pongezi. Yeye akaendelea kufukua magazeti, na mwaka 1963 na 1964 akatoa mfululizo wa makala katika jarida la American Speech ulioirudisha OK hadi 1839, na akazipangua nadharia nyingine mojamoja: bandari ya Aux Cayes ya Haiti, karani wa reli Obadiah Kelly, zote. Kazi hiyo ilifanyika kabla ya kompyuta, kwa macho na kurasa. Leo unaandika neno kwenye kisanduku cha kutafutia na bado unasambaza "Zero Killed".

Tumbiri wa Juu

Dongo limenifika 😅

Mwalimu wa Zamu

Tumeongea asili, tugusie matumizi maana huko ndiko wanafunzi wangu wanakoumia. Kamusi inawaambia OK ni "sawa", basi wanadhani kazi imekwisha.

Kwanza, OK haisifu. Mtu akikuuliza filamu ilikuwaje ukajibu "It was OK", umemwambia haikuwa mbaya, wala hutaitazama tena. Mwandishi akimpa rafiki yake kazi aisome na kuambiwa "it's OK", anaondoka kichwa chini. Wanafunzi wanaitumia wakidhani wanapongeza.

Pili, OK si lazima iwe kukubali. "OK" ya mtu anayesikiliza simu mara nyingi ina maana ya "nimekusikia, endelea", basi. Wapo waliodhani wamekubaliwa jambo kwenye kikao kwa sababu mwenzao alitamka OK mara nyingi, kumbe alikuwa anaandika alichosikia. Na kuna ile ya kufungua mambo, "OK, let's start", ambayo haimkubalii mtu yeyote chochote. Ni kama kupiga meza watu wanyamaze.

Tatu, sarufi yake ni huria mno. Ni kivumishi, "an OK idea". Ni kielezi, "she's doing OK". Ni nomino, "he gave the OK", katoa kibali. Ni kitenzi, na hapo maandishi yanakuwa ya ajabu: "they OK'd it", na "OK'ing". Ni maneno machache yanayoruhusiwa kuvaa kila sare namna hiyo.

binti_sayari

Mwalimu umesahau "K". Ukitumiwa "K" peke yake ujue umeshakosana na mtu. "OK" ni ya kawaida, "okay" ina upole, "kk" ni furaha, "K" ni mlango umefungwa.

Mwalimu wa Zamu

Hahaha. Hiyo haimo kwenye silabasi lakini ni kweli tupu.

Fundi Kodi

Mimi ni mtu wa programu, nachangia upande wangu. Kila ukurasa wa wavuti unapofunguka salama, seva inakuwa imejibu "200 OK". Hamuioni, ila inapita nyuma ya pazia mara zisizohesabika kila sekunde. Mnaijua 404, ile ya ukurasa kutopatikana, kwa sababu ndiyo inayowaudhi, 200 haina mashabiki.

Na kile kitufe cha OK kina kisa chake. Apple walipokuwa wanatengeneza kompyuta ya Lisa, iliyotoka 1983, kitufe cha kuthibitisha kiliandikwa "Do It". Walipowaweka watu waijaribu, mmoja wao akawa hakibonyezi, na anazidi kukasirika. Kumbe maandishi yalivyobanana alikuwa anasoma "dolt", mjinga, na anajiuliza kwa nini kompyuta inamtukana. Wakakibadilisha kikawa OK.

Mzee wa Kamusi

Fundi, hiyo inaenda sambamba na mambo ya telegrafu. Laini ya Morse kati ya Washington na Baltimore ilifunguliwa Mei 1844, miaka mitano tu baada ya utani wa Greene. Waendeshaji walihitaji kitu kifupi cha kumwambia mwenzao "ujumbe umefika salama", na OK ilikuwa tayari. Reli nazo zikaichukua. Hapo ndipo ilipoacha kuwa kichekesho, ikawa neno la kazi. Seva yako inafanya kilekile alichofanya yule mtu wa telegrafu.

Na mkiwa kwenye teknolojia: "A-OK" ilivuma Mei 1961, Mmarekani wa kwanza kwenda angani, Alan Shepard, aliporuka. Msemaji wa NASA, John "Shorty" Powers, aliwaambia waandishi wa habari kwamba Shepard amesema hivyo. Ukisoma nakala ya mazungumzo ya redio, Shepard hakuitamka popote.

Tumbiri wa Juu

Na ishara ya mkono, kidole gumba na cha shahada kufanya duara?

Mzee wa Kamusi

Hiyo angalia uko wapi. Kwa wapiga mbizi ni lugha rasmi: niko salama. Hawawezi kutumia dole gumba juu kwa sababu chini ya maji hilo maana yake ni "tupande". Brazil ni tusi zito. Ufaransa inaweza kusomeka kuwa sifuri, kitu bure. Japani ni pesa. Na mwaka 2019 shirika la Anti-Defamation League la Marekani liliiingiza kwenye orodha yake ya alama za chuki, baada ya baadhi ya wabaguzi wa rangi kuanza kuitumia, ingawa shirika lenyewe lilisisitiza kwamba mara nyingi bado ina maana yake ya kawaida.

binti_sayari

Swali la mwisho kutoka kwangu: tuandike OK, O.K. au okay? Bosi wangu ananisahihisha kila siku.

Mwalimu wa Zamu

Zote zinakubalika. "O.K." yenye nukta ndiyo ya kale. "Okay" ilikuja baadaye ili ifanane na maneno mengine, na waandishi wa riwaya wengi huipenda kwa sababu haipigi kelele katikati ya mazungumzo. Shirika la habari la Associated Press linawaamuru waandishi wake waandike OK, kamwe si "okay". Muulize bosi wako anafuata mwongozo upi. Kama hana, chagua moja, ushikilie hiyohiyo waraka mzima.

binti_sayari

K.